Ngazi Iliyokimbia

Mlango wa stoo ulijibamiza kwa mara ya tatu. Inspekta alilifunga faili katikati ya sentensi, akaenda kuutazama. Hapakuwa na mtu. Akaufungua, akauachia, akangoja. Mlango ukatulia wazi. Akarudi sebuleni, akafungua dirisha kidogo. Upepo ukapita, na mlango ukaja kwa kasi na kujibamiza tena.

Koplo aliuliza kutoka ukumbini ni nani anayepiga milango.

“Dirisha,” alisema Inspekta.

Koplo hakuendelea. Alikuwa amefanya kazi naye miaka mitatu na aliyazoea majibu yake. Kituoni walimwita Pimamaji, kwa ajili ya kile kifaa cha mafundi chenye kichupa cha maji na kiputo ndani, cha kupimia kama kitu kimekaa sawa. Alitembea nacho mfukoni tangu alipokuwa kibarua wa seremala, kabla ya kuingia polisi. Shule aliiacha mapema. Alichojua ni kwamba kitu hakitoki mahali pake bila kusukumwa, kuvutwa au kuangushwa, na kwamba yeye alilipwa kumtafuta aliyefanya hivyo.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Saa nane mchana mkwe wa nyumba ile angefikishwa mahakamani kusomewa shtaka la kuua, na kwa shtaka hilo hakuna dhamana. Angekaa rumande mwaka mzima, labda miwili, akingoja kesi isikilizwe. Mkuu wa kituo alishasema: kama Inspekta hana jipya kufikia saa saba, faili linakwenda kama lilivyo.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Juzi asubuhi fundi rangi, mzee wa miaka sitini, alianguka kutoka kwenye ngazi katika ukumbi wa nyumba hii. Kichwa kilipiga ukingo wa saruji wa dirisha. Alifia hospitali jioni bila kusema neno. Ndani ya nyumba walikuwemo watu wawili tu. Mmoja ni mwenye nyumba, mwalimu mkuu mstaafu, mama aliyeongoza shule miaka ishirini na saba na ambaye mpaka leo mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Wa pili ni mume wa binti yake, kinyozi, ambaye siku hiyo hakufungua duka lake.

Ushahidi ulikuwa mambo matatu. Kwanza, Mwalimu akiwa jikoni alimsikia mkwewe akimwambia fundi, “Nitakushusha mimi mwenyewe kwenye hiyo ngazi.” Pili, alama ya kiganja cha kinyozi ilikuwa kwenye mguu wa ngazi, katika rangi mbichi. Tatu, shati lake lilijaa rangi hiyo hiyo. Utetezi wake ulikuwa na maneno mawili: ngazi ilikimbia. Kituoni walicheka mpaka wakafuta machozi. Askari mmoja alimuuliza ilikuwa inawahi wapi.

Inspekta alimkuta asubuhi ile akizunguka ndani ya selo, hatua nne kwenda na nne kurudi. Hakuomba wakili wala chakula. Alisema tu, “Afande, mimi nimeiona. Ilikimbia yenyewe, kama mtu.”

Binti wa Mwalimu alikuwa sebuleni na mtoto wake wa miezi saba begani. Alikuwa hajalala. Inspekta alimuuliza habari za ugomvi, naye akaeleza bila kuficha kitu. Fundi alipewa kazi ya siku nne na sasa ilikuwa wiki ya tatu. Kila siku alikuja, akapaka kipande, akasimulia habari, akanywa chai, akaondoka. Mumewe, ambaye ananyoa kichwa kwa dakika kumi na mbili, hakuweza kuvumilia.

“Alimtania kila asubuhi, kaka,” alisema. “Na yule mzee akimjibu kwamba ukuta hauna nywele. Walipendana kwa namna yao. Mama ndiye hawezi kuamini.”

“Mama yako anampenda mumeo?”

Alimhamishia mtoto bega la pili kabla ya kujibu. “Anasema anaacha viatu vyake popote.”

Inspekta alikwenda jikoni. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya meza, mwembamba, wima, mikono imefungana mbele. Kila kitu jikoni kilikuwa mahali pake. Vikombe vilining'inia kwa vishikio, vyote vimeelekea upande mmoja. Alimwekea mgeni glasi ya maji baridi, na kabla Inspekta hajaigusa, glasi ilianza kutembea. Ilisogea taratibu juu ya kitambaa cha meza cha nailoni, ikaelekea ukingoni, mpaka alipoidaka. Akatoa pimamaji, akaliweka mezani. Kiputo kilikimbilia upande wa ukuta. Meza ilikuwa imeinama, upana wa kidole tu, na glasi ilikuwa na maji kitakoni.

Mwalimu alisema ataitafutia mguu ule kipande cha kadibodi, na akaomba radhi kwa kitambaa, maana kilikwaruzika. Kweli kilikwaruzika. Mikwaruzo miwili mirefu ilipita sambamba kama reli, karibu na kiwiko cha Inspekta. Aliitazama, akanywa maji, akaendelea na kazi.

Maelezo ya Mwalimu hayakubadilika hata neno. Fundi alikuja saa mbili, akafungua ndoo mpya, rangi ya maziwa. Saa nne akashuka, akaenda kunywa chai nje, kwenye kivuli cha ukuta. Saa nne na nusu akarudi juu. Mkwe akaja, maneno yakaanza, kitisho kikasemwa, kishindo kikafuata. Alipotoka jikoni alimkuta mkwe ameshika ngazi na mzee yuko chini. Mkwe akambeba mzee, akatoka mbio kutafuta gari.

“Na wewe?”

“Nilibaki. Sikugusa kitu chochote mpaka polisi walipofika. Nimeandika hivyo na nimesaini.”

Inspekta alimwambia kwamba polisi waliofika waliandika jambo la ajabu: sakafu ya ukumbi haikuwa na tone la damu.

“Nilipiga deki,” alisema Mwalimu.

“Umesema hukugusa kitu.”

“Kupiga deki si kugusa kitu, Inspekta. Ni usafi.”

Hakusema kwa hila. Alisema kama anayesahihisha daftari.

Ukumbini Koplo alishapata jibu lake. Alikuwa amepiga magoti, pua karibu na vigae. Alinusa sabuni, akasema sakafu ililowa ndiyo maana ngazi iliteleza. Inspekta alimtuma aulize. Jibu likarudi upesi: Mwalimu hupiga deki saa kumi na mbili alfajiri, na kufikia saa mbili vigae huwa vikavu. Fundi alipaka kuanzia saa mbili mpaka saa nne bila ngazi kusogea. Koplo akasimama, akapangusa magoti, akasema basi amerudi kwenye sifuri.

“Tazama ukuta,” alisema Inspekta.

Ukuta ulikuwa mrefu, na nusu yake ya juu ilikuwa na rangi mpya. Ndani ya rangi ile ilishuka mistari miwili ya mkwaruzo, imenyooka kama imepigwa kwa uzi, kutoka karibu na dari mpaka usawa wa kifua. Inspekta alieleza huku akitembea huku na huko. Ukimsukuma mtu aliye juu ya ngazi, ngazi inalala ubavu, na mikwaruzo inakwenda kando. Hii ilishuka wima. Kichwa cha ngazi kiliteremka kwa sababu miguu ilitoka nje.

Koplo alisema kuivuta miguu pia kunaweza kufanya hivyo, na kiganja cha kinyozi kipo.

Wakaenda kwenye ngazi yenyewe, iliyoegemezwa kwenye kona ya ukumbi. Ilikuwa ya mbao, miguu yake miwili imekatwa mraba. Alama ya kiganja ilikuwa usawa wa kiuno, lakini haikuwa na umbo la mkono. Ilikuwa mburuzo, shibiri mbili kwa urefu, vidole vinne vimevutana kama vya mtu aliyeshika kamba inayochomoka. Inspekta aliweka mkono wake juu bila kugusa. Anayeshika kitu ili akivute, alisema, huacha kiganja kizima. Huyu alishika kitu ambacho tayari kilikuwa kinaondoka.

“Kwa hiyo ilikimbia,” alisema Koplo.

“Ilikimbia. Sasa tujue kwa nini.”

Simu ililia. Mkuu wa kituo alitaka kujua kama aandae gari la mahabusu. Ilikuwa saa sita na robo. Inspekta alisema bado, akakata, akaenda jikoni na kurudi na ufagio wenye mpini mrefu pamoja na birika tupu. Aliegemeza ufagio ukutani, ncha ya mpini ikiwa sakafuni. Akalifunga birika kwa kamba sehemu ya chini ya mpini, ufagio ukakaa. Akalipandisha katikati, ukakaa. Alipolifikisha juu, mpini uliteleza juu ya vigae, ufagio ukashuka ukutani, na birika likapiga sakafu kwa kelele iliyomwamsha mtoto.

Mwalimu alitoka jikoni. Alisimama akitazama kama mkaguzi wa mitihani.

Inspekta hakumwangalia. Alimweleza Koplo kwamba kinachoizuia ngazi ni msuguano tu, ule mshiko wa mguu na sakafu. Mzigo ukiwa chini, ngazi haina haraka. Ukipanda juu, miguu inataka kukimbilia nje, na mshiko usipotosha, inakwenda. Jambo moja lilibaki. Wiki mbili na zaidi sakafu ni hii, ngazi ni hii, na mzee ni yule yule. Kwa nini ilishika siku zote, ikashika mpaka saa nne, halafu ikaachia saa nne na nusu?

Mwalimu aliokota birika, akaufuta mpini wa ufagio kwa upindo wa kanga, akavirudisha jikoni.

Inspekta alitembea mpaka mlango wa mbele na kurudi, mara mbili. Alfajiri ile alipita chumba cha maiti. Fundi hakuwa na viatu. Nyayo zake zilikuwa na magamba ya rangi, na katikati ya kila unyayo kulikuwa na sugu ya kupanda vidato. Mzee alipanda peku. Kwenye orodha ya mali yake hospitali: suruali, shati, kofia, miwani. Viatu, hakuna.

Alisimama mlangoni. Hapo palikuwa na rafu ya viatu, kwa kuwa mtu haingii kwa Mwalimu na viatu. Inspekta alipofika asubuhi alivua vyake kwa haraka, kimoja kikaanguka ubavu, akakiacha. Sasa vyote viwili vilikuwa kwenye rafu, vidole ukutani, visigino vimelingana. Vya Koplo vivyo hivyo.

“Dada,” alimwita binti, “nani amepanga viatu vyangu?”

Binti alisema ni Mama, nani mwingine. Tangu wakiwa wadogo ilikuwa hivyo. Kiatu kikionekana popote ndani ya nyumba, Mama anakiokota akipita, na anaweza kufanya hivyo huku akikugombeza kwa jambo lingine kabisa. Ukimuuliza, anasema hajaona kiatu.

Inspekta alichuchumaa. Mwisho wa rafu kulikuwa na kandambili za mpira, moja ya bluu na moja ya kijani, za mtu asiyejali. Alizitoa kwa kalamu na kuzigeuza kwenye mwanga. Zilijaa matone ya rangi ya maziwa, ile iliyofunguliwa juzi saa mbili. Lakini katikati ya kila moja palikuwa na mraba safi usio na tone, na ndani ya mraba huo mpira ulikuwa umebonyea.

Alimwita Koplo alete kipimo. Mraba wa kandambili na mguu wa ngazi vililingana.

“Tulifanya hivi hivi kwa seremala,” alisema. “Sakafu ikiwa ya vigae, unavua kandambili, unaikalisha ngazi juu yake, unapanda peku. Mpira hauachii.”

Ili kuhakikisha, waliisimamisha ngazi mahali pake pa juzi, kila mguu juu ya kandambili yake. Alimwomba Koplo apande vidato vinne. Koplo alisema yeye ana watoto wawili. Akapanda. Inspekta alishika miguu ya ngazi kwa mikono miwili akaivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ngazi haikwenda popote.

“Kwa hiyo hakuna aliyeivuta,” alisema Koplo akishuka upesi.

“Na mtu akiwa juu, hakuna anayeweza kuzitoa. Zilitolewa mzee akiwa anakunywa chai.”

“Basi akirudi angeona.”

Inspekta alitazama upande wa jikoni. Alimwambia Koplo apige picha ya ngazi na kandambili zilivyo, picha tatu, na saa ionekane. Kisha akaenda jikoni, akaondoa glasi mezani, na kupima umbali kati ya ile mikwaruzo miwili ya kitambaa. Shibiri mbili na vidole vitatu. Alirudi ukumbini, akapima miguu ya ngazi kutoka mmoja hadi mwingine. Shibiri mbili na vidole vitatu.

Saa saba kasoro dakika kumi na tano. Simu ililia tena, hakuipokea.

Alimwomba Mwalimu, kwa heshima, akachukue miwani yake chumbani ili asome upya maelezo yake na kuyathibitisha. Chumba chake kilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Mwalimu alikwenda. Inspekta alibaki jikoni, amesimama, akigonga meza kwa kidole. Koplo alitaka kusema kitu, akamnyamazisha kwa mkono. Walisikia hatua zikienda. Walizisikia zikirudi, zikasimama kidogo, zikapita, zikasimama tena kuelekea mlango wa mbele, kisha zikaja.

Mwalimu aliingia amevaa miwani. Alisoma ukurasa wote, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akasema upo sawa.

“Mwalimu, hapo ukumbini, sasa hivi, umegusa kitu?”

“Sijagusa kitu.”

“Twende pamoja.”

Ngazi ilisimama pale pale. Miguu yake ilikuwa juu ya vigae vitupu. Kandambili, ya bluu na ya kijani, zilikuwa mlangoni, mwisho wa rafu, vidole ukutani, visigino vimelingana.

Koplo alinyoosha kamera, akamwonyesha Mwalimu picha ya dakika kumi zilizopita. Mwalimu alitazama picha, akatazama rafu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Kisha akaitazama mikono yake.

“Nimeziweka mimi?”

“Umeziweka wewe. Kama vile juzi.”

Binti alikuwa amefika mlangoni mwa sebule na mtoto begani. Inspekta hakumwambia aondoke. Alimuuliza Mwalimu kitambaa cha meza kilikuwa wapi juzi saa nne.

Mwalimu alisema polepole, kwa mpangilio, kama anayesoma majina ya wanafunzi. Aliona matone kwenye vigae vyake. Akaleta kitambaa cha nailoni, maana rangi haipenyi. Ili kukitandika aliinua mguu mmoja wa ngazi, kisha wa pili. Hakumbuki kandambili. Anakumbuka kulikuwa na uchafu chini ya ngazi, naye akauondoa. Baada ya ajali alikifua kitambaa, akakirudisha mezani, akapiga deki.

“Mzee alirudi, akakuta pametandikwa,” alisema Inspekta. “Akadhani kandambili zake ziko chini ya kitambaa, pale alipoziacha. Nailoni juu ya kigae, Mwalimu. Umeiona glasi.”

“Nilikuwa bado nimeinama nanyoosha pembe,” alisema Mwalimu. “Alisimama hapo ulipo. Akaniambia, ‘Ahsante, Mwalimu, umenisaidia.’”

Binti aliketi chini, hapo hapo mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo, “Mama, mume wangu alikuambia ngazi ilikimbia. Alikuambia mbele yangu.”

“Aliniambia.”

“Ukasema anajitetea.”

Simu ya Inspekta ililia kwa mara ya tatu. Aliitoa. Mkuu wa kituo hakusalimia. Alisema gari liko tayari na anataka jibu moja. Inspekta alisema mtuhumiwa abaki hapo hapo kituoni, faili linabadilika, analeta maelezo mapya ya shahidi.

“Shahidi gani tena?” sauti iliuliza. “Si shahidi ni mmoja tu?”

“Ndiye huyo.”

Akakata. Akamwambia Mwalimu kwamba hakuna mtu atakayemshtaki kwa kupanga viatu, lakini lazima aandike kwa mkono wake mwenyewe, kituoni, kabla ya saa nane. Mwalimu alisema anajua maana ya kuandika. Akaenda chumbani, akarudi na mkoba. Mbele ya binti yake alisimama kidogo, akamgusa mtoto mgongoni, akasema, “Nakwenda kumleta mumeo.”

Koplo alishavaa viatu. Mwalimu alifika kwenye rafu, akainama kuchukua vyake, akasita. Mkono wake ulizipita raba zake ukaenda mwisho wa safu. Alizitoa kandambili zile mbili, akarudi nazo mpaka katikati ya ukumbi, akapiga magoti juu ya vigae. Akainua mguu mmoja wa ngazi, akauweka juu ya ile ya bluu. Akainua wa pili, akauweka juu ya ile ya kijani. Akaitikisa ngazi kwa nguvu zake zote.

Haikwenda popote.